Kiti Kinavyoihadaa Mizani ya Mwili

Mkaazi wa Lavington, jijini Nairobi, apendaye sinema hana haja ya safari ndefu, kwani akishika Barabara ya Kingara hufika Junction, akielekea Westlands huikuta Sarit na Westgate, na akishuka mjini huufikia Mtaa wa Mama Ngina, ambako jumba la 20th Century lilifunguliwa upya mwaka 2012 kwa skrini ya IMAX, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Dirishani pa tiketi hukabiliwa na bei iliyozidi ile ya kawaida, inayodaiwa kwa ajili ya miwani, au upana wa skrini, au, kama yu safarini Dubai au London, kwa ajili ya kiti kiinukacho na kuinama pamoja na picha. Nakusudia kuchambua namna hila hizi zifanywavyo, kwa kuwa naamini ya kwamba ile istahiliyo fedha ni ile iliyotungwa kwa ajili ya picha yenyewe, ilhali ile iliyobandikwa juu yake haistahili kitu.

Tuanze na kiti, maana ndicho chenye ufundi mwingi. Ndani ya sikio la mwanadamu mna mirija mitatu iliyojaa maji, ihisiyo mzunguko wa kichwa, na mna vijiwe vidogo mno vilivyolala juu ya vinyweleo, vihisivyo mvuto wa ardhi na kasi izidiyo au ipunguayo. Vijiwe hivi vina udhaifu mmoja, nao ni kwamba haviwezi kupambanua baina ya mwili uliolazwa nyuma kidogo na mwili unaosukumwa mbele kwa nguvu. Udhaifu huo ulikwisha kutumiwa na waundaji wa mashine za kuwafunzia marubani, waliofuata nyayo za Edwin Link wa Marekani, aliyetengeneza ya kwake mwishoni mwa miaka ya 1920. Gari katika picha likiondoka kwa kishindo, kiti hulala nyuma nyuzi chache tu. Jicho husema tunakwenda mbele, sikio hukubali, na moyo husadiki. Lakini kiti hakiwezi kulala hivyo daima, maadam dakika inayofuata gari litapiga breki na kiti kitatakiwa kuinamia mbele; kwa hiyo hurejeshwa katika usawa wake taratibu mno, chini ya kiwango ambacho sikio laweza kuhisi, na mtazamaji hubaki akidhani kuwa angali anakimbia. Marejeo hayo ya siri ndiyo kazi kubwa ya fundi. Aghalabu kiti huwa na miendo mitatu tu: kuinama mbele na nyuma, kulala ubavu, na kupanda na kushuka, na kikichelewa hata kidogo nyuma ya picha, jicho na sikio hugombana, na mtazamaji huona kichefuchefu.

Miendo hiyo huandikwa na mtu. Kampuni ya D-BOX ya Quebec, Kanada, iliyoingiza viti vyake katika majumba ya sinema mwaka 2009 kwa picha ya Fast & Furious, huwaweka mafundi watazame filamu tukio baada ya tukio na kuandika kila mwinamo; na katika faili ya kidijitali ipelekwayo kwenye jumba la sinema, maandishi hayo husafiri pamoja na sauti, katika njia ya 13 iliyotengwa kwa ajili yake. Mwaka huohuo Wakorea walianzisha 4DX mjini Seoul, wakaongeza upepo, manyunyu, moshi na harufu. Suali gumu kwa mwandishi wa miendo ni hili: mwili wa mtazamaji uwe mwili wa nani? Uwe gari, au kamera, au shujaa apigwaye ngumi? Nionavyo mimi, lazima achague mmoja na kushikamana naye tukio zima. Akirukaruka baina ya watatu, kiti hugeuka kuwa kelele, na hakitofautiani tena na kiti cha matatu ya Kawangware ipitayo Barabara ya Gitanga, kinachotetemeka kwa besi ya muziki bila ya kutuambia lolote kuhusu safari.

Yaliyotokea zamani yanathibitisha haya. Mwongozaji William Castle, katika filamu ya The Tingler ya mwaka 1959, aliwafungia baadhi ya watazamaji mota ndogo chini ya viti, chombo duni kabisa. Lakini ilikuwa imeandikwa katika hadithi yenyewe kwamba mdudu atoroke ndani ya jumba la sinema, skrini iwe giza, na sauti ya mwigizaji Vincent Price iwaamrishe watu wapige makelele. Mota ilitikisa pale hasa hadithi ilipoitaka, na kwa sababu hiyo yatajwa hata leo.

Kinyume chake ni filamu ituhusuyo sisi. Tarehe 26 Novemba 1952 ilionyeshwa Marekani Bwana Devil, ya Arch Oboler, iliyoanzisha wimbi la filamu za 3D, na kisa chake ni simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Picha mbili, ya jicho la kulia na ya kushoto, zilitupwa na projekta mbili zilizofungamanishwa zisiachane hata fremu moja, kupitia vichujio vilivyopanga mawimbi ya mwanga, na miwani ikalipa kila jicho haki yake. Projekta zote mbili zikiwa kazini kwa pamoja, hapakuwa na ya kupokezana, hivyo onyesho lilisimamishwa katikati ili mikanda ibadilishwe. Watu walijaa, ingawa wahakiki waliidharau. Nami naumia kuona kwamba msiba wa wale waliokufa nyikani Tsavo, Wahindi na Waafrika, ulifanywa kisingizio cha kurusha mikuki na simba machoni pa watazamaji.

Deni la 3D, hata hivyo, halikulipwa tangu siku ile, nalo ni mwanga. Kanuni ya sinema ya kidijitali yataka skrini ing'ae kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Vichujio na miwani vikila sehemu yao, ni kawaida filamu ya 3D kuonyeshwa kwa kandela 15 hivi, yaani chini ya thuluthi moja, na ilhali bei imeongezwa. Hapa ndipo ninapoipendelea hila ya IMAX, ambayo katika mitambo yake ya mwanzo ya kidijitali ilitumia projekta mbili kwa pamoja, zikasaidiana kulijaza jicho nuru na upana. Tena, popote penye skrini ya fedha itumiwayo kwa miwani yenye vichujio hivyo, mng'ao hurudi zaidi kwa aliyekaa kati na hufifia kwa walio pembeni. Basi anunuaye tiketi ya 3D aombe kiti cha katikati ya safu, na mwenye jumba abadilishe taa ya projekta kabla haijachoka.