Kombeo la Mwezini

Katika riwaya ya kisayansi ya Robert Heinlein, The Moon Is a Harsh Mistress (1966), wakazi wa Mwezi wanaonyonywa wanaipiga Dunia kwa mawe. Mtambo wanaoutumia ni ule ule uliokuwa ukirusha nafaka yao kwenda Duniani kwa bei ya dhuluma. Hapo ndipo ulipo ufundi wa mwandishi: chombo cha unyonyaji kinageuka kombeo la mnyonge. Lakini Daudi alimlenga Goliathi peke yake, tena ana kwa ana. Hapa jiwe latoka juu, na waliokaidi onyo wakaenda palipolengwa wanaangamia. Msimulizi ni Manuel, mmoja wa waasi. Aliye chini ya jiwe hasimulii. Je, mwenye kombeo la namna hii bado ni mnyonge? Swali hilo riwaya inaliacha bila jibu.