Klachi haikuwa na kosa

Turudi kwenye ile video ya fundi, pale mliponitumia ujumbe wote kwa mkupuo. Kifuniko cha gia boksi ya CA6140, mashine ya kukereza vyuma, kimefunguliwa, fundi ameinua galoni ya oili ya 140, ile ya difu za malori, anaimimina yote. Anasema gia zimelika na zinalia, kwa hiyo oili nzito itazituliza. Kelele kweli zilipungua. Mashine nayo iliharibiwa hapohapo, na video yote iliyobaki ni fundi kupambana na matatizo aliyoyamimina mwenyewe.

Hii si eksele ya Fuso. Kwenye shafti ya kwanza ya gia boksi hii kuna klachi ya pleti nyingi, upande mmoja wa kwenda mbele na mwingine wa rivasi, na pleti hizo zinaishi ndani ya oili ileile inayolainisha gia. Oili yake ni ya mashine, namba 46. Ile ya 140 ina uzito unaokaribia mara kumi ya huo kwenye joto la nyuzi 40, na asubuhi mashine ikiwa baridi hali ni mbaya zaidi. Shafti inazunguka muda wote mota ikiwa imewashwa. Pleti za ndani zinakwenda nayo, za nje zimeshikana na gia. Liva ikiwa katikati, hizi mbili zinatakiwa ziachane kabisa. Kwa oili ya 140 haziachani. Za ndani zinazikokota za nje, na spindeli inafuata. Ndiyo maana mliona chaki ikizunguka polepole huku liva iko nyutro.

Fundi akatamka: breki imelegea.

Hapo ndipo nilipotamani kuingia kwenye simu. Breki ya CA6140 ni mkanda wa chuma wenye lainingi, umezunguka gurudumu la shafti ya nne, na unaendeshwa na liva hiyohiyo ya klachi. Liva ikija katikati, nundu ya mtaimbo wa meno unaosogezwa na liva hiyo inasukuma mkono wa breki na mkanda unabana. Ukienda mbele au rivasi, mkono unaangukia kwenye bonde na mkanda unaachia. Warusi walikuwa na klachi na breki za kushirikiana hivi kwenye 1K62 tangu 1956, kwa hiyo si siri ya mtu. Fundi alikaza nati ya mkanda mpaka chaki ikasimama, waliomzunguka wakapiga makofi. Lakini mkanda uliokazwa kiasi cha kuishinda klachi inayokokota hauachii vizuri hata ukiwa kwenye bonde. Sasa ana mashine ambayo klachi inavuta na breki inazuia kwa wakati mmoja.

Mlioangalia kwa makini mliona moshi mwembamba kabla ya mkato wa kwanza. Ile ni lainingi. Unga wake unaingia kwenye oili, oili inashuka kwenye tangi la mguu wa kushoto, pampu inaipeleka kwenye chujio. Na pampu yenyewe ilikuwa imeshalemewa: kioo cha oili juu ya gia boksi kilikuwa kinatoa tone, kinanyamaza, kinatoa jingine. Pampu ileile ndiyo inayolisha klachi na beringi ya mbele ya spindeli. Hakuna aliyekigeukia kioo hicho.

Kisha akaingiza kisu, mashine ikazidiwa, akasema klachi inateleza. Akabana pande zote mbili sawasawa, mbele na rivasi, wakati kila mkereza vyuma anajua upande wa mbele una pleti nyingi zaidi kwa sababu ndio unaobeba mkato. Tena akabana kwa mkupuo. Pete ya kurekebishia klachi husogezwa pengo moja moja: unabonyeza pini kwa bisibisi, unazungusha, unaacha pini irudi kwenye pengo mpaka uione imekaa. Rudisheni video nyuma mtazame pini. Haikurudi. Pete hiyo itajifungua yenyewe kazini, na fundi atailaumu klachi kwa mara ya pili.

Kusafisha gia boksi, kubadili sili za oili na kurekebisha beringi za spindeli alifanya vizuri, sina neno.

Wazee waliofundishwa na Wachina wakati reli ya TAZARA inajengwa, 1970 hadi 1975, wangeanza kwenye mikanda ya mota. Mkanda uliolegea unateleza kabla ya klachi, na unadanganya sikio. Wakimaliza hapo, wangeiacha mashine ipate joto kwa mwendo mdogo, wapandishe hadi mizunguko 300 hivi kwa dakika, warudishe liva katikati na kuhesabu. Chaki ikisimama ndani ya mizunguko miwili au mitatu, nati ya breki haiguswi. Na oili walinunua kwa karatasi ya mashine, si kwa kilichopo dukani.

Najua watu wa inverta, kile kifaa cha kubadili mwendo wa mota kwa umeme, wameshaanza kuniandikia: funga klachi moja kwa moja, acha umeme ufanye kazi ya breki. Nimeshasema na narudia. Pampu ya oili ya CA6140 inaendeshwa na mota kuu. Ukipunguza mwendo wa mota umepunguza na oili. Na umeme ukikatika katikati ya mkato, mkanda wa chuma bado unabana ukirudisha liva katikati. Na wanaotaka breki ya aina hiyo kwenye mashine ndogo ya Myford Super 7 wakumbuke kwamba chaki yake imeshikwa kwa uzi tu, inchi 1⅛ yenye nyuzi 12 kwa inchi. Ukiisimamisha ghafla, chaki inajifungua na kukufuata.

Mashine ile bado inaokoka. Oili yote itolewe, ya tangi na ya gia boksi, maana salfa ya oili za difu haipatani na bushi za shaba kwenye joto. Chujio lioshwe, iwekwe 46, iendeshwe mwendo mdogo bila mzigo, imwagwe, iwekwe nyingine. Nati ya breki ilegezwe kabisa kabla ya kugusa pete ya klachi, halafu klachi irekebishwe, breki iwe ya mwisho. Kama klachi itafunguliwa, pleti zilazwe moja moja juu ya kioo. Zilizogeuka bluu zitupwe hata kama zimelala sawa.