Fungate ya Linnet Doyle, na Watu wa Ukingoni

Kwa Kiswahili cha kale, fungate ni saba. Siku saba za ndani: mlango umefungwa, chakula kinaletwa, somo anaingia na kutoka, nyinyi wawili hamna haja ya kwenda popote. Agatha Christie angehangaika sana kuandika riwaya ya fungate ya aina hiyo. Katika Death on the Nile, iliyotoka 1937, fungate ni mambo ya nje. Linnet Ridgeway, tajiri kupindukia, anaolewa na Simon Doyle, jamaa asiye na kitu, ambaye juzi tu alikuwa mchumba wa rafiki yake wa dhati, Jacqueline de Bellefort. Wanaenda Misri kuona piramidi na mahekalu. Jacqueline anawafuata. Wakifika hoteli, yuko. Wakipanda stima, yuko. Linnet anamwomba Hercule Poirot amzuie, na Poirot hana la kufanya, maana hakuna sheria iliyovunjwa. Mwanamke amejilipia safari yake kama wengine.

Hapo ndipo napenda hiki kitabu, na nakipenda sana. Christie ameelewa kwamba ukishageuza penzi lako maonyesho, huchagui tena nani atakaa kiti cha mbele. Wale wanaopost kila kona ya fungate yao kisha wanashangaa ex amejuaje wako wapi, kitabu chenu kiliandikwa kitambo.

Mtu anauawa, bila shaka. Sitasema nani wala kwa mkono wa nani. Kitabu kina zaidi ya miaka 80, lakini kuna msee hajakisoma na mimi si mchawi.

Shida yangu ni ukingo wa mto. Stima inaitwa Karnak. Abiria wanashuka, wanatazama mawe, wanapanda. Kila wakishuka wanakutana na wauza shanga na watoto wa bakshishi. Mrs Allerton, mmoja wa wahusika wema kabisa humo ndani, analalamika kuhusu watoto wanaomkodolea macho: macho yao yanamtia kinyaa, na pua zao pia. Christie hampi ubaya wowote kwa hilo. Anabaki mama mpole, mcheshi, ambaye ungependa kunywa chai naye. Na ufundi wa Christie ni kwamba baada ya kurasa chache hata wewe unataka hao watoto waondoke, ili hadithi isonge.

Sasa ukiwa Mkenya unasoma hapo, umekaa wapi? Kwa deki, ama chini na shanga? Sisi pia tuna Diani, tuna wamama wa shanga wanaokimbilia madirisha ya magari kwenye lango la Mara. Tunajua jinsi mtu anavyotazamwa kama kizuizi cha mandhari katika nchi yake mwenyewe.

Kuna wakati kampuni moja ya utalii ilinipa kazi ya kuandika maneno ya kuuza fungate ya Misri: Cairo, Luxor, Aswan. (Chuo niliacha, kwa hivyo maneno ndiyo yananilisha, na hayachagui meza.) Picha walizonitumia zilikuwa na nguzo, machweo na wapendanao. Hakuna mwendesha mashua, hakuna mpishi, hakuna hata mlinzi wa hekalu. Mashua yenyewe ilikuwa katikati ya mto na tanga limetandazwa. Sijui nani alikuwa ameshika usukani.

Lakini Christie si mvivu hivyo, na hapa namtetea. Ameacha mwanya. Kuna mhandisi wa stima, Fleetwood, Mwingereza, aliyetaka kumwoa Marie, mtumishi wa zamani wa Linnet. Linnet akachunguza, akagundua jamaa ana mke tayari, mwanamke wa huku huku Misri, ambaye alisharudi kwao. Ndoa ikavunjika kabla haijaanza, Fleetwood akabaki na kinyongo, na kinyongo ni mali katika riwaya ya mauaji. Basi. Huyo mke kazi yake imeisha. Hatumwoni. Hatujui alimpendea nini Fleetwood, aliondoka kwa nini, kama ana mtoto. Poirot, ambaye anaweza kujenga kesi nzima kwa chupa ya rangi ya kucha, hamuulizii. Kwangu mimi huyo ndiye mhusika mkubwa zaidi wa kitabu, na hana hata jina.

Filamu hazikumtafuta. Ile ya 1978, ya Peter Ustinov, angalau ilienda Misri kweli, na jua linaonekana ni jua. Ile ya Kenneth Branagh ya 2022 ilipigwa zaidi studio ya Longcross, Uingereza, na Abu Simbel yake ilijengwa huko. Imejaribu kusahihisha mambo: Salome Otterbourne amekuwa mwimbaji mweusi wa bluzi, Sophie Okonedo, na anaiba kila onyesho analoingia. Poa. Lakini kilichobadilika ni rangi ya abiria. Ukingo umebaki pazia la nyuma.

Na ule ukingo ulikuwa na habari. Stima ya Christie inatoka Aswan kwenda Wadi Halfa, nchi ya Wanubi. (Si wale wa Kibra, wa Kibra ni kizazi cha askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, hiyo ni stori nyingine.) Bwawa la kwanza la Aswan lilimalizika 1902, likaongezwa kimo mara mbili, ya mwisho 1933. Kila mara maji yalipanda na vijiji na mitende vikazama. Yaani miaka minne kabla ya kitabu kutoka. Linnet na Simon wanaelea juu ya mashamba ya watu, wakilalamika kwamba hawapati faragha.

Kisha likaja Bwawa Kuu. Abu Simbel, ambapo Ramesses II alijichongea sanamu nne za mita 20 hivi na kumjengea Nefertari hekalu lake pembeni, lilikatwa vipande na kupandishwa juu kati ya 1964 na 1968, kwa pesa na wahandisi wa dunia nzima. Wanubi wa upande wa Misri, kama 50,000, walipelekwa Kom Ombo, mbali na mto wao. Pale Linnet alipoponea chupuchupu kupondwa na jiwe, leo ni chini ya maji.

Kwa hivyo soma Christie, usiache. Halafu tafuta Nights of Musk ya Haggag Hassan Oddoul, Mnubi, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Ama Dongola ya Idris Ali, yenye hasira zaidi. Kwa Oddoul kuna msichana anayemngoja mchumba wake aliyekwenda kaskazini kutafuta kazi, kwa sababu bwawa limemeza shamba. Stima iko humo pia. Ndiyo iliyomchukua, na yeye anashuka mtoni kuangalia kama imemrudisha.