Mkono wa Kulia Juu ya Gurudumu

Kwenye baraza za maduka ya Ngara mjini, Rulenge na Biharamulo, mafundi wengi bado wanatumia cherehani nyeusi za kukanyaga, Singer za zamani na Butterfly za China. Zimeundwa kwa magauni, mashati na sare za shule. Lakini siku ya gulio zinaletewa jinzi za mtumba zinazotakiwa kufupishwa, na hapo ndipo napenda kumtazama fundi mzuri.

Jinzi haina ugumu sawasawa. Upindo ukikunjwa mara mbili ni tabaka 3 za kitambaa, na cherehani hupita bila taabu. Tatizo liko kwenye mshono wa ndani ya mguu, ambao kiwandani tayari umekunjwa tabaka 4. Ukiukunja nao kwenye upindo, sindano inakutana na tabaka 12 kwa mpigo. Mguu unaokandamiza nguo unapanda ukiwa umeinama nyuma, meno ya chini yanashindwa kusukuma, na mwenye haraka anaanza kuvuta nguo kwa mkono. Sindano inapinda kidogo tu, lakini ncha ya shato hupita karibu nayo mno ili kudaka kitanzi cha uzi, na kosa dogo linatosha kuzigonganisha. Sindano ikivunjika, hasara ni ndogo. Ncha ya shato ikikwaruzika, uzi utakatika hata kwenye kitenge chepesi, na watu watalaumu uzi.

Kwa hiyo fundi mzuri anahangaikia kitu kimoja: sindano ishuke wima. Anatoa ile ya namba 14 aliyoshonea shati na kuweka mpya ya namba 16, au 18 kitambaa kikiwa kizito zaidi, ubapa wake ukielekea upande wa shato. Anaongeza urefu wa mshono. Anachukua nyundo na kuuponda ule mkunjo juu ya ubao mpaka ulale. Anapitisha kipande cha mshumaa juu ya mstari atakaoshona, kidogo tu, ili sindano iteleze.

Akikaribia kilima cha mshono huo anasimama. Anakunja kipande cha jinzi aliyokata, anakisukuma nyuma chini ya mguu wa cherehani mpaka mguu ukae sawa, kisha anaondoa miguu kwenye pedeli. Mkono wa kulia unashika gurudumu na kulizungusha, tundu moja baada ya jingine. Mkono wa kushoto unaongoza nguo bila kuivuta. Gurudumu likigoma, halazimishi: anarudisha, anainua, anaponda tena. Wateja wapo kwenye benchi, wengine wameshauliza mara mbili, na yeye bado anazungusha taratibu. Utulivu huo nauheshimu kuliko mbio za mguu wowote.

Jioni anafungua bamba, anafagia manyoya ya pamba yaliyojaa chini ya meno, maana yakichanganyika na vumbi jekundu la huku yanashikana kabisa. Anatia matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayagusi. Yakikaa huganda na kukaza kila kiungo.

Kuna kazi asizozipitisha kwenye cherehani pia, na huo nao ni ufundi. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inapitisha malori usiku na mchana, na turubai zao huchanika. Turubai zito kwenye cherehani ya namna hii ni kuitafutia kifo. Fundi anayejijua anachukua sindano ndefu ya kushonea magunia, anausugua uzi mnene kwa nta ya nyuki, ambayo Biharamulo haikosekani, anaketi chini na kushona kwa mkono. Nta hiyo haipaki kamwe kwenye uzi wa cherehani, kwa sababu huziba vikazio vya uzi. Dereva atasubiri zaidi na atalipa zaidi, lakini kesho yake sare za watoto zitashonwa kwa cherehani ileile.