Kivuli Kilichokatwa Kwenye Bajeti

Kati ya maamuzi yote yaliyofanywa katika ujenzi wa jengo la 20 Fenchurch Street mjini London, uamuzi wa kuondoa vikingajua, yaani mapezi ya mlalo yanayofungwa nje ya kioo ili miale isikifikie moja kwa moja, ndio ambao mbunifu majengo wake alipaswa kuukataa hata kama angepoteza kazi. Kwa maelezo ya mbunifu huyo mwenyewe, Rafael Viñoly, vikingajua hivyo vilikuwamo katika usanifu wa awali, vikafutwa ili kupunguza gharama. Yaliyofuata mwaka 2013 hayahitaji kusimuliwa kwa kirefu, kwani kila aliyefuatilia analikumbuka gari la Jaguar lililoharibika kwa joto likiwa limeegeshwa mtaani Eastcheap, pamoja na mwandishi wa habari aliyekaanga yai kwa jua lililoakisiwa na ukuta.

Kanuni iliyofanya kazi pale ni ya fizikia ya sekondari. Ukuta wa kusini wa jengo hilo, lenye urefu wa mita 160, umepinda kuelekea ndani, hivyo hufanya kazi ya kioo mbonyeo, ambacho huipokea miale inayokuja sambamba na kuikusanya mahali padogo paitwapo fokasi. Kwa kuwa London iko mbali kaskazini mwa ikweta, ukuta wa kusini ndio unaoelekea jua la mchana, na jua linapofikia kimo fulani angani, kama lilivyofanya mwishoni mwa majira ya joto, fokasi hutua barabarani. Ndiyo maana wamiliki walieleza kwamba hali hiyo ingejitokeza kwa takriban saa 2 kwa siku katika kipindi cha wiki 2 hadi 3. Vikingajua vingeivunja miale hiyo kabla haijakusanyika, na wakati huohuo vingepunguza joto linalopenya ndani na mzigo wa viyoyozi.

Viñoly alijitetea kwamba tatizo liligunduliwa wakati wa usanifu, ila makadirio yalionyesha nyuzi 36 za Selsiasi, nayo hali halisi ikafikia kama 72, na kwamba zana za kukokotoa jambo hilo zilikosekana. Utetezi huo haukubaliki. Mwaka 2010 hoteli ya Vdara mjini Las Vegas, kazi ya mbunifu huyohuyo, ilikwisha kulalamikiwa kwa ukuta uliopinda ambao uliwaunguza wageni penye bwawa la kuogelea, na kabla ya hapo, mwaka 2005, mabati yaliyong'arishwa ya ukumbi wa Walt Disney wa Frank Gehry mjini Los Angeles yalilazimika kusuguliwa ili yasiwachome majirani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa aliyeumwa aliuona unyasi, akaukadiria nyuzi 36, akaendelea na safari.

Umbo lenyewe lilizidisha kosa, kwa sababu jengo hupanuka kadiri linavyopanda, orofa za juu zikiwa ndizo zenye kodi kubwa, na hivyo eneo kubwa zaidi la kioo likawekwa mahali ambapo hakuna jirani wa kulitilia kivuli. Mwaka 2014 mapezi ya alumini yalifungwa juu ya ukuta huo, maana yake kivuli kilichofutwa kwa jina la akiba kilinunuliwa upya baada ya aibu, na mwaka 2015 jengo likapewa Carbuncle Cup, tuzo ya dhihaka ya jengo baya kuliko yote Uingereza. Seli ya mafuta ya haidrojeni iliyofungwa kulipatia jengo umeme ilikuwa kazi nzuri. Hata hivyo, malalamiko ya zamani ya safu hii yanabaki palepale: taaluma hupenda kusifu mtambo unaozalisha nishati kuliko ukuta usioihitaji.

Mbunifu majengo Mick Pearce hakuhitaji kukumbushwa hilo. Katika Eastgate, jengo lililofunguliwa Harare mwaka 1996, mteja hakutaka kugharimia viyoyozi vya kawaida, lakini ubahili huo ulizaa usanifu bora: zege zito na vitokezi vya kivuli vilizuia jua, madirisha yalipunguzwa, na hewa baridi ya usiku ikapitishwa chini ya sakafu ili kulipoza zege ambalo hufyonza joto la mchana. Mbunifu mwenzake Beda Amuli naye, katika Soko la Kariakoo la Dar es Salaam la miaka ya 1970, alisimamisha miavuli ya zege ambayo hubeba paa, hutia kivuli, huruhusu hewa ipite na kukusanya maji ya mvua. Mkadiriaji majenzi hawezi kuufuta mwavuli wa Amuli bila kuliangusha soko, na hapo ndipo ulipo ubora wa wakongwe hao juu ya Viñoly: kinachokinga ndicho kinachobeba.

Wanaojenga minara ya vioo Dar es Salaam na Mombasa wanastahili lawama kubwa zaidi, kwa kuwa karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya paa, na kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi, ambazo hupigwa na jua la chini asubuhi na alasiri. Mapezi ya mlalo pekee hayatoshi huko. Huhitajika mapezi ya wima au ukuta wenye madirisha machache. Wala Eastgate haiwezi kunakiliwa pwani, kwa kuwa Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake hupoa, ilhali usiku wa pwani hubaki na joto na unyevu. Pwani hutaka kivuli na upepo upitao kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kanuni ambayo waashi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar waliizingatia katika vichochoro vyembamba ambamo nyumba hutiliana kivuli.

Wajibu wa mbunifu majengo kwa mazingira, basi, haupimwi kwa michoro ya mashindano, bali kwa kikao ambacho mteja anadai gharama zipungue. Mbunifu anayejua kwamba kikao hicho hakikwepeki anapaswa kukiingiza kivuli katika nguzo, sakafu na paa, na kinapobaki kuwa kiungo kinachoweza kuondolewa, akatae kutia sahihi mchoro usio nacho.