Adili na Mjeledi Wake

Tulipoanza kukisoma tena kitabu cha Adili na Nduguze pamoja na wanafunzi wetu wa jioni hapa Palma, tulikusudia kuwaeleza sifa za shujaa kwa njia iliyozoeleka: bahari, joka, jini, mji ambao watu wake waligeuka mawe. Hadithi hii ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, inayo hayo yote kwa wingi, na harufu ya Alfu Lela Ulela haijifichi ndani yake. Lakini kijana mmoja, ambaye ukoo wake ulitawanyika katika mashambulio ya Machi 2021, alituuliza: "Mwalimu, kama Adili ni mwema, mbona kila usiku anawapiga nduguze?"

Swali hilo limetulazimisha kukipima kitabu upya.

Wasomaji wanakikumbuka kisa. Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao baharini. Huria, jini ambaye Adili alimwokoa, alimwopoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, kisha akaamuru wacharazwe kila usiku. Naye Adili, mtawala wa Janibu asifiwaye kwa haki, alitii. Alipiga, kisha akawalisha na kuwatunza. Aghalabu ushujaa wake hutafutwa katika kuliua joka. Sisi hatuuoni hapo. Kuliua joka lilikuwa jambo la dakika chache, na aliyelitenda hakubadilika hata kidogo. Tena jina lake limekwisha kumhukumu kabla hajatenda lolote: mtu aitwaye Adili akue vipi, na aitwaye Hasidi atubu vipi? Hiyo kwetu ndiyo kasoro kubwa ya kitabu, nasi twaisema huku tukimstahi mtungaji kwa Kiswahili chake, ambacho wanafunzi wetu wasemao Kimwani hukifuata kwa furaha.

Hata hivyo, pana mahali pamoja ambapo Adili anakua. Ni pale Mfalme Rai anapomtaka aache kupiga. Adili anaogopa! Mtu aliyenusurika baharini anaogopa kuuweka chini mjeledi, maana amri ya jini haina mzaha, na mazoea nayo yana nguvu zake. (Sisi walimu wa umri huu, tuliofunzwa kwa fimbo, twaijua hofu hiyo.) Mjeledi ulipotuliwa, nduguze walirudia utu wao. Angalieni mpango huo: wingi wa mapigo haukuwarudisha, bali kukoma kwake.

Huku kwetu, ambako tangu Oktoba 2017 ndugu ameshikiwa silaha na ndugu, sehemu hiyo haisomwi kama ngano. Ndiyo maana twasikitika kwamba mambo tunaelezwa zaidi kwa kinywa cha Adili. Vifuani mwa manyani hatuingii. Toba yao twaiamini kwa kuwa tumeambiwa, wala si kwa kuwa tumeiona ikichipua.

Tulimweleza kijana yule haya yote. Alisikiliza kwa adabu, lakini hakuridhika. Alisema angependa kujua usiku ule wa kwanza usio na mjeledi, ndugu watatu walipoketi kula pamoja, ni nani aliyeanza kusema.