Orodha ya Kusikika

Mwandaaji hodari wa kozi za mtandaoni simpimi kwa rangi wala picha za kurasa zake. Nampima kwa orodha. Ni kazi ndogo, haisifiwi na mtu, na anayeona anaweza kuipita mwaka mzima asijue kama ilifanywa vizuri au ililipuliwa.

Anayejua ni mwanafunzi asiyeona, anayesoma kwa masikio kupitia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti ambayo Michael Curran alianza kuitengeneza Australia mwaka 2006, kisha James Teh akaungana naye; wote wawili hawaoni. Orodha ikiundwa kwa kitufe cha orodha kwenye kihariri, NVDA humwambia mapema kwamba mbele kuna orodha ya vipengele 6. Akibonyeza L anaruka hadi orodha inayofuata. Akibonyeza I anakwenda kipengele kwa kipengele. Orodha ikiisha, anaarifiwa kwamba ametoka. Aliyepanga mistari yake kwa kupiga vistari vya kibodi amemnyima yote hayo: sauti inatiririka tu, na msikilizaji hajui yamebaki mangapi.

Mtazame fundi akiandaa somo la kupima shinikizo la damu. Vifaa anaviweka kwenye vitone, kwa kuwa hakuna kinachotangulia kingine. Hatua 6 za upimaji anazipa namba: mgonjwa akae atulie dakika 5, mkono uegemezwe usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, hadi kuandika kipimo kwenye faili. Maandishi yakinakiliwa kutoka Word anakagua kila mstari, maana vitone huweza kuja kama alama za kawaida. Hivyo anavifuta kimoja kimoja, kisha anaunda orodha upya.

Halafu inakuja picha ya mkanda, baada ya hatua ya 3. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Picha ikiwekwa ovyo huikata orodha vipande viwili: mwanafunzi anasikia orodha ya vipengele 3, kisha nyingine ya 3 inayoanza tena na 1, na agizo la kurudia hatua ya 5 linakosa pa kushika. Fundi huiingiza picha ndani ya kipengele cha tatu chenyewe, pamoja na maelezo yake ya maneno, kisha anafungua msimbo ahakikishe kwamba kipengele kinafungwa chini ya picha, si juu yake. Kigezo 1.3.1 cha mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0, wa mwaka 2008, kinadai hilohilo: mpangilio unaoonekana kwa jicho uwemo pia ndani ya msimbo.

Tena anajua kujizuia. Sababu za kupima mara ya pili haziwekei vitone, kwa kuwa moja inazaa nyingine: wasiwasi hupandisha presha, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaweza kudanganya, ndiyo maana mgonjwa huachwa atulie apimwe tena. Zikikatwakatwa, “kwa hiyo” na “ndiyo maana” hupotea, na hayo ndiyo mwanafunzi wa uuguzi anayopaswa kuyashika. Anaziacha ziwe aya.